Watumiaji Wengi, Kompyuta Moja: Mwongozo Kamili wa Jinsi Mfumo Endeshi Unavyobadili Watumiaji

Ukimpisha mwenzako kwenye kompyuta kwa kubadili mtumiaji, eneokazi lako linatoweka na lake linatokea baada ya sekunde chache. Kwa macho, umeondoka. Kwa mfumo endeshi, bado umo. Programu zako zimebaki kwenye kumbukumbu, faili ulizofungua zingali wazi, na kama ulikuwa unapakua kitu, upakuaji unaendelea. Kilichobadilika ni mtu anayeshika skrini, kibodi, kipanya na spika.

Matatizo mengi ya kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa yanatokana na kutolijua jambo hilo: mashine iliyokuwa nyepesi inakuwa nzito ghafla, kazi ya mtu inapotea kwa sababu mwingine amezima, folda ya pamoja inakataa kufunguka ingawa ruhusa imeshatolewa. Ukielewa kinachobadilika na kisichobadilika, utaweza kuyatatua mwenyewe. Nitaeleza Windows, Linux, macOS na Android, na nitakaa zaidi kwenye Linux kwa sababu huko mambo yote yanaonekana wazi kwa amri. Kwenye mifano, weka majina ya akaunti zako mahali pa asha na juma.

## Vitendo vinne vinavyochanganywa

Kufunga skrini ni kuweka nenosiri mbele ya kikao chako bila kumpa mtu mwingine nafasi. Kikao ni kipindi chote tangu unapoingia kwa nenosiri hadi unapotoka, pamoja na kila programu iliyozaliwa ndani yake.

Kubadili mtumiaji ni kukiacha kikao chako kikiwa hai na kufungua kingine pembeni. Vikao viwili, vitatu au zaidi vinaishi kwa wakati mmoja, lakini kimoja tu ndicho kimeunganishwa na skrini.

Kutoka ni kukimaliza kikao. Programu zako zinaambiwa zifunge, na kumbukumbu inarudishwa.

Cha nne ni kuazima utambulisho: umo ndani ya kikao chako, lakini unataka programu moja iendeshwe kwa jina la mtu mwingine, aghalabu msimamizi. Hapo ndipo zinapoingia amri kama su na sudo, au lile dirisha la Windows linalouliza kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko. Skrini haihami na hakuna kikao kipya cha picha.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi na sebule moja. Kubadili mtumiaji ni kupishana sebuleni, na kutoka ni kuhama nyumba.

## Mfumo unakujua kwa namba

Jina lako la akaunti ni kwa ajili ya binadamu. Kiini cha mfumo kinatumia namba. Fungua dirisha la amri kwenye Linux au macOS uandike:

    id

Utaona uid na namba, kisha makundi uliyomo. Kwenye Linux nyingi za leo mtumiaji wa kwanza wa kawaida ni 1000. Kwenye macOS ni 501. Namba 0 ni ya root, msimamizi mkuu ambaye ruhusa za kawaida za faili hazimzuii. Kwenye Windows andika:

    whoami /user

Utapata mlolongo mrefu unaoanza na S-1-5-21. Huo ndio utambulisho wako halisi. Akaunti ya Administrator iliyokuja na Windows humalizikia kwa 500, na akaunti zinazotengenezwa baadaye huanzia 1000 na kuendelea. Ndiyo maana kubadilisha jina la akaunti hakuharibu ruhusa zako: namba haikuguswa.

Namba hizo hupewa programu zako wakati gani? Unapoingia. Kwenye Linux, programu ya kuingilia hukabidhi nenosiri lako kwa moduli za uthibitishaji zinazoitwa PAM, ambazo hulilinganisha na lile lililofichwa ndani ya /etc/shadow. Likilingana, programu hiyo, ikiwa bado na uwezo wa root, huweka orodha ya makundi yako, kisha hujigeuza kuwa wewe kwa kuchukua namba yako. Haiwezi tena kurudi kuwa root. Kila mchakato, yaani programu inayoendeshwa, unaozaliwa baada ya hapo hurithi namba na makundi hayo kutoka kwa mzazi wake.

Windows hufika palepale kwa njia nyingine. Huduma iitwayo LSASS inathibitisha nenosiri na kutengeneza tokeni, yaani kifurushi chenye utambulisho wako, makundi yako na haki zako. Tokeni hiyo hubandikwa kwenye mchakato wa kwanza wa kikao, na kila mchakato unaofuata hupata nakala yake.

Tazama maana yake kwa vitendo. Umemwongeza Asha kwenye kundi linaloruhusiwa kufungua folda, naye anajaribu na kukataliwa. Unakagua mipangilio mara tatu na kila kitu kiko sawa. Tatizo ni kwamba michakato ya Asha ilipewa orodha ya makundi alipoingia, kabla hujamwongeza, na mfumo haurudi nyuma kuirekebisha. Kufunga skrini na kuifungua hakusaidii. Kubadili mtumiaji na kurudi pia hakusaidii, kwa kuwa kikao ni kilekile. Ni lazima atoke kabisa na kuingia upya. Hata hilo lisipotosha kwenye Linux, kagua kama kuna michakato yake iliyobaki chinichini: programu inayosimamia huduma zake za chinichini (systemd --user) inaweza kuwa bado hai na makundi ya zamani. Kuwasha kompyuta upya humaliza ubishi.

## Tatizo la zamani kuliko tunavyodhani

Mwaka 1961, pale MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, mmoja wa mifumo ya kwanza iliyowezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kichakataji kiligawanywa kwa vipande vidogo vya muda, kila mtu akapewa nenosiri la kulinda faili zake.

Katikati ya miaka ya 1960 ulitokea mkasa ambao Corbató aliusimulia baadaye kwenye hotuba yake ya tuzo ya Turing. Programu ya kuhariri faili ilitumia faili ya muda yenye jina lilelile kwa kila aliyeiendesha ndani ya folda moja. Wasimamizi wawili walihariri kwa wakati mmoja, mmoja akirekebisha orodha ya manenosiri, mwingine akiandika ujumbe wa siku. Faili zikabadilishana, na kila aliyeingia akalakiwa na orodha ya manenosiri ya watu wote.

Naukumbusha mkasa huo kwa sababu kosa la aina hiyo bado lipo. Programu iliyoandikwa kwa kudhani kuna mtumiaji mmoja itafanya kazi vizuri mpaka siku vikao viwili vitakapokuwa hai pamoja. Kama unaandika programu au skripti, usitumie jina la kudumu kwa faili ya muda ndani ya /tmp. Tumia amri ya mktemp, ambayo hutengeneza jina la kipekee na kuifungia faili kwa mmiliki wake. Vitu vya kikao viweke ndani ya /run/user, ambako kila mtumiaji ana folda ya namba yake inayoundwa anapoingia na kufutwa anapotoka kikao chake cha mwisho.

## Kinachotokea skrini inapohama

Kichakataji hakihitaji kubadilishwa. Mfumo hubadilisha michakato mara nyingi kila sekunde, iwe ya mtu mmoja au ya watu kumi, na kwake michakato ya Juma na ya Asha ni michakato tu yenye namba tofauti. Ugumu uko kwenye vifaa visivyogawika: skrini moja haiwezi kuchorwa na watu wawili, na herufi anazobonyeza Juma hazipaswi kabisa kuifikia programu ya Asha. Kama zingeifikia, Asha angeweza kuacha programu ya kunasa manenosiri ya kila anayemfuata.

Kwenye Linux, kazi hiyo hufanywa na huduma iitwayo logind. Yenyewe huvihesabu vikao na viti. Kiti ni seti ya skrini, kibodi na kipanya, na kompyuta ya kawaida ina kimoja, seat0. Unapobadili mtumiaji, logind huiarifu programu inayochora eneokazi la Asha kwamba vifaa vinasimamishwa, huinyang'anya programu hiyo haki ya kuchora kupitia kadi ya michoro, na hukata njia ya kusoma kibodi na kipanya. Kisha huvikabidhi kwa kikao cha Juma. Asha akirudi, mambo hugeuzwa, na eneokazi lake huchorwa upya.

Sauti na kamera huhamishwa kwa ujanja mwingine: ruhusa ya faili za vifaa hivyo ndani ya /dev huongezwa jina la aliye mbele na kuondolewa la aliye nyuma. Unaweza kuliona kwa macho yako:

    getfacl /dev/snd/controlC0

Endesha amri hiyo, badili mtumiaji, iendeshe tena, na utaona jina limebadilika. Hapa nina onyo. Maelekezo ya zamani ya kutatua tatizo la sauti husema ujiongeze kwenye kundi la audio. Ukifanya hivyo, unapata ruhusa ya kudumu isiyojali nani yuko mbele, na matokeo yake mtu asiyekuwepo anaweza kuendelea kushikilia spika, au kusikiliza kupitia maikrofoni wakati mwingine anaitumia kompyuta. Kama umo kwenye kundi hilo bila sababu maalumu, jitoe.

Windows imejenga jambo hili juu ya teknolojia yake ya kuingia kwa mbali. Kila kikao kina namba, nakala yake ya csrss na ya winlogon (programu za ndani za Windows), na eneo lake la majina ya vitu vya ndani, ili programu ileile ikifunguliwa na watu wawili isijigonge. Kubadili mtumiaji ni kukitenga kikao kimoja na skrini ya kompyuta na kukiunganisha kingine. Windows 95 iliruhusu mtu apite dirisha la kuingilia kwa kubofya kitufe cha kughairi tu, kwa hiyo haikuwa na ulinzi wa kuzungumzia. Kubadili mtumiaji kwa haraka kulifika na Windows XP mwaka 2001. Tangu Windows Vista, kikao namba 0 ni cha huduma za mfumo peke yake na watu huanzia 1, kwa sababu zamani huduma zenye nguvu nyingi zilikaa kikao kimoja na mtumiaji wa kwanza, na programu mbovu ziliweza kuzipelekea ujumbe wa kuzidanganya.

Kwenye Mac uwezo huu ulianza na toleo la 10.3 mwaka 2003, ukifuata wazo hilohilo.

Android ina njia yake ya kuvutia. Mfumo wa Linux ulio chini yake tayari ulikuwa umetumia namba za watumiaji kutenganisha programu: kila programu ina namba yake. Watu walipoongezwa, kwa tableti mwaka 2012 kwenye toleo la 4.2 na kwa simu mwaka 2014 kwenye toleo la 5.0, ilibidi namba moja ibebe vitu viwili. Suluhisho likawa kuzidisha namba ya mtu kwa 100000 na kujumlisha namba ya programu. Programu yenye namba 10123 kwa mtumiaji wa 10 inaendeshwa kama 1010123. Kwa hiyo programu ileile kwa watu wawili ni kama wageni wasiojuana. Msimbo wake huhifadhiwa mara moja, data ni mbalimbali, na mmoja akisasisha programu, amewasasishia wote.

## Hatua kwa hatua: kuandaa kompyuta ya watu kadhaa

1. Mpe kila mtu akaunti yake, na isiwe ya msimamizi. Akaunti ya msimamizi ibaki moja, ya kusakinisha na kurekebisha. Kwenye Debian na Ubuntu:

    sudo adduser asha

Kwenye Linux nyingine:

    sudo useradd -m asha
    sudo passwd asha

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi:

    net user asha * /add

Nyota inakufanya uulizwe nenosiri badala ya kuliandika wazi pale. Kwenye Mac na Android, sehemu ya watumiaji imo ndani ya mipangilio. Baadhi ya watengenezaji wa simu za Android wameuondoa uwezo huu, kwa hiyo usipouona kwenye simu yako huenda haukuwekwa.

2. Zifunge folda binafsi. Kwenye Linux, angalia ruhusa za folda ya nyumbani:

    ls -ld /home/*

Ukiona drwxr-xr-x, kila mwenye akaunti anaweza kuchungulia majina ya faili zako na kusoma zile zisizofungwa. Rekebisha:

    chmod 700 /home/asha

Ubuntu imeshaziba pengo hili kwenye matoleo yake mapya, lakini kompyuta iliyosasishwa kutoka toleo la zamani hubaki na ruhusa zilezile. Usidhani, angalia.

3. Tengeneza mahali pa pamoja. Windows ina C:\Users\Public na Mac ina /Users/Shared tayari. Kwenye Linux unajenga mwenyewe:

    sudo groupadd timu
    sudo usermod -aG timu asha
    sudo usermod -aG timu juma
    sudo mkdir /srv/pamoja
    sudo chgrp timu /srv/pamoja
    sudo chmod 2770 /srv/pamoja
    sudo setfacl -d -m g:timu:rwx /srv/pamoja

Ile 2 mbele ya 770 inalazimisha kila faili mpya iwe ya kundi la timu badala ya kundi binafsi la aliyeiunda. Amri ya mwisho inahakikisha wenzake wanaweza kuiandika. Wengi huishia kwenye chmod, kisha hushangaa kwamba faili za Asha zinasomeka kwa Juma lakini hazihaririki. Herufi a kwenye -aG nayo usiisahau kamwe: bila hiyo, mtumiaji huondolewa kwenye makundi yake mengine yote. Kisha Asha na Juma watoke na kuingia upya, kwa sababu niliyokwisha kueleza.

4. Badili. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Alt+Delete uchague kubadili mtumiaji, au kitufe cha Windows pamoja na L kisha uchague jina kwenye kona ya chini. Kwenye Mac, washa menyu ya kubadili watumiaji haraka kupitia mipangilio ya mfumo, nayo itatokea kwenye upau wa juu. Kwenye Linux yenye eneokazi la GNOME, chaguo limo kwenye menyu ya kuzimia, na huonekana tu kama kuna zaidi ya akaunti moja. Kwenye Android, shusha paneli ya juu uguse picha ya mtumiaji.

Linux ina njia ya ziada ya kuokoa jahazi eneokazi likiganda: Ctrl+Alt+F3 hukupeleka kwenye skrini ya maandishi ambapo unaweza kuingia na kuua programu korofi bila kuzima kompyuta. Kurudi, jaribu Ctrl+Alt+F1 au F2.

5. Jua nani bado yumo. Hatua hii hurukwa, nayo ndiyo inayookoa kazi za watu. Kwenye Linux:

    loginctl list-sessions

Kwenye Windows:

    query user

Amri hii haimo kwenye toleo la Home. Huko fungua Task Manager sehemu ya watumiaji. Vikao vilivyotengwa na skrini huonyeshwa kama Disc au Disconnected. Hao si watu walioondoka. Kwenye Android, ukiwa umeiunganisha na kompyuta yenye zana ya adb:

    adb shell pm list users

6. Zima kwa hadhari. Ukizima, vikao vyote hufa, pamoja na waraka wa mtu ambao haukuhifadhiwa. Windows inakuonya kwamba kuna mwingine anayetumia kompyuta. Linux yenye logind kwa kawaida hudai nenosiri la msimamizi kama kuna kikao cha mtu mwingine. Onyo hilo si usumbufu. Soma orodha ya hatua ya 5, mwite mwenyewe ahifadhi, kisha uendelee. Ikibidi kumtoa asiyepatikana, kwenye Linux ni

    sudo loginctl terminate-session 4

na kwenye Windows ni logoff ikifuatiwa na namba ya kikao. Kazi isiyohifadhiwa itapotea, hivyo iwe njia ya mwisho.

## Kuazima utambulisho bila kuhama

Amri ya su ni mfano mzuri wa jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kugeuka kuwa mwingine. Endesha:

    ls -l /usr/bin/su

Mahali pa x utaona s: -rwsr-xr-x. Herufi hiyo inamaanisha programu inaendeshwa kwa namba ya mmiliki wake, root, na si ya aliyeianzisha. Wazo hilo ni la Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix, na lilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1979. Su hutumia nguvu hiyo kwa muda mfupi: inathibitisha nenosiri, kisha inakupa namba ya unayemtaka.

Andika su - asha, pamoja na kile kistari. Bila kistari, unachukua namba ya Asha lakini unabaki na sehemu kubwa ya mazingira yako, na programu zinaweza kuandika mahali pasipostahili. Sudo hutofautiana kwa kuuliza nenosiri lako mwenyewe, kuangalia kama sheria zinakuruhusu, na kuandika kwenye kumbukumbu za mfumo ulichofanya. Kwa kompyuta yenye wasimamizi zaidi ya mmoja, sudo ni bora kwa mbali, kwa kuwa hakuna haja ya kugawana nenosiri la root.

Kuna mtego mmoja unaowasumbua hata wazoefu. Ukiwa umeingia kama Juma kisha ukafanya su - asha, amri kama systemctl --user mara nyingi hukataa. Namba ni ya Asha, lakini kikao kinachotambuliwa na logind ni cha Juma, na folda ya kikao cha Asha haikuwekwa kwenye mazingira. Ukitaka kikao kamili cha Asha bila kugusa skrini, tumia:

    sudo machinectl shell asha@

Windows hufanya uazimaji wake kwa tokeni mbili. Tangu Vista, msimamizi anapoingia hupewa tokeni kamili na nyingine iliyopunguzwa nguvu. Programu zake za kila siku hutumia ile dhaifu mpaka akubali lile dirisha la ruhusa.

## Mashine inapokuwa nzito

Vikao vitatu vyenye vivinjari vilivyofunguliwa vinagawana kumbukumbu ileile. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huanza kuhamishia kurasa kwenye diski, na kwa kawaida zile za aliye nyuma ndizo hutangulia kwa kuwa hazijaguswa. Ndiyo sababu kurudi kwenye kikao kilicholala muda mrefu huanza kwa kusuasua.

Linux hupanga michakato ya kila mtu ndani ya fungu lake, na unaweza kuona nani anakula nini:

    systemd-cgtop

Kama mtu mmoja huwalemea wengine, mwekee kikomo kwa namba yake, hapa 1001:

    sudo systemctl set-property user-1001.slice MemoryMax=4G

Pima kabla ya kuweka. Kikomo kikiwa kidogo mno, programu zake zitauawa katikati ya kazi, na atakuwa na haki ya kulalamika. Kwenye Android, mfumo wenyewe unaweza kumsimamisha mtumiaji wa nyuma ili kuokoa kumbukumbu, kwa hiyo usitegemee ujumbe wa mtumiaji wa pili ufike bila kukosa akiwa nyuma.

## Siri hulindwa kwa kiasi gani

Ruhusa za faili humzuia Juma kusoma vya Asha. Hazimzuii msimamizi. Mwenye sudo au akaunti ya Administrator anaweza kusoma faili zako, na kikao chako kikiwa hai, hata kuchungulia michakato yako.

Usimbaji wa diski, yaani kuigeuza data isisomeke bila ufunguo, nao hueleweka vibaya. BitLocker ya Windows na FileVault ya Mac husimba diski nzima. Ikishafunguliwa wakati wa kuwasha, imefunguka kwa wote, na kinachomtenganisha mtu na mwenzake ni ruhusa tu. Kinga hiyo ni dhidi ya mwizi aliyeibeba kompyuta ikiwa imezimwa. Android ya kisasa husimba faili za kila mtumiaji kwa ufunguo wake: baada ya kuwasha simu, faili za ambaye hajaingiza nenosiri lake hazisomeki na yeyote. Lakini akishaingia mara moja, ufunguo kwa kawaida hubaki kwenye kumbukumbu hata anapompisha mwingine. Kuwasha upya huuondoa. Kwenye Linux, systemd-homed, iliyotolewa mwaka 2020, huweza kusimba folda ya kila mtu peke yake na kuifunga anapotoka.

Kwa hiyo kama una jambo nyeti kweli, usibadili mtumiaji. Toka.

## Kuiondoa akaunti

Mtumiaji akiondoka kwa kudumu, anza kwa kumaliza vikao vyake vyote, kwa maana akaunti iliyofutwa huku michakato yake inaendelea huacha michakato isiyo na jina:

    sudo loginctl terminate-user asha
    sudo deluser --remove-home asha

Amri ya pili ni ya Debian na Ubuntu; kwingine tumia userdel -r. Zote mbili hufuta folda ya nyumbani, hivyo nakili kwanza anachokihitaji.

Faili za Asha zilizo nje ya folda ya nyumbani, kama zile za /srv/pamoja, hazifutwi. Zinabaki na namba yake, tuseme 1001, isiyo na mwenyewe. Windows haitumii tena utambulisho uliokwisha tolewa, lakini Linux inaweza kumpa akaunti mpya namba iliyoachwa wazi, na mgeni huyo akajikuta mmiliki halali wa faili za mtu aliyemtangulia. Kabla ya kuunda akaunti nyingine, zitafute:

    sudo find / -xdev -nouser

Chaguo la -xdev huizuia find isitoke kwenye diski inayoanzia, kwa hiyo kama /home au /srv ziko kwenye diski yake, rudia amri kwa folda hiyo. Faili zinazotokea, mpe mtu mwingine kwa chown au zifute.